Uzoefu wangu na wiki ya chuo hapa Malindi: msiipime kwa mizani ya Wikipedia

Mihula mitatu nimeitumia wiki ya chuo chetu, kusoma na kuhariri, na naipa nyota 4 kati ya 5. (Wiki hii si juma, ni tovuti ambayo msomaji mwenyewe huirekebisha.) Wengi wanaoilaumu wanataka iwe Wikipedia ndogo, na hapo ndipo wanapokosea.

Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, haitaki ulichokiona wewe. Inataka kilichokwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika. Kwa hiyo humo utasoma kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, lakini hutajua kama ploti unayoitaka kule Maweni ina maji ya mfereji au ya kisima cha chumvi. Ukiandika, yatafutwa, na ni haki yafutwe: hakuna kitabu wala gazeti la kuyathibitisha.

Kwenye wiki ya chuo shahidi ni wewe uliyeoga na sabuni ikakataa kutoa povu. Kinachoshika nafasi ya rejeo ni tarehe. Ukurasa mzuri wa chumba unataja kodi, depoziti ya miezi mingapi, mita ya tokeni ni yako peke yako au ya ploti nzima, na dakika za kutembea hadi getini. Mwisho wa kila mstari piga viwimbi vitano, ~~~~~, na MediaWiki, programu inayoendesha wiki, itavigeuza kuwa tarehe na saa. Vinne vinatoa jina na tarehe, vitatu jina tu. Wikipedia haitaki sahihi ndani ya makala, inazitaka kwenye majadiliano. Kwetu mstari usio na tarehe ni wa kuruka, maana kodi ya mwaka juzi itakupotosha leo. Angalieni na saa: fundi asipoweka majira ya Africa/Nairobi na seva ikafuata UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, basi ukiandika saa 7 usiku inatoka tarehe ya jana.

Kurasa dhaifu kuliko zote ni zilizonakiliwa kutoka Wikipedia, kama ule wa magofu ya Gede. Leseni inaruhusu ukitaja chanzo, lakini nakala inazeeka huku ile ya asili ikiendelea kurekebishwa. Weka kiungo, kisha eleza unaposhukia matatu na saa ya kwenda kabla jua halijawa kali.

Nyota moja nimeikata. Usajili uko wazi, na roboti hujaza viungo vya kamari. Swali moja la kujisajili analolijua mwanachuo tu, kama rangi ya mlango wa maktaba, lingezuia nyingi. Linaloniuma zaidi ni namba za simu za wenye nyumba. Mtu huifuta akadhani imetoka, kumbe bado imo kwenye historia ya ukurasa na yeyote akibonyeza anaiona. Wa kulificha toleo hilo ni msimamizi, na wetu alishahitimu akaondoka na nywila. Wekeni wasimamizi wawili, mmoja awe wa mwaka wa kwanza, na nakala ya hifadhidata ikae nje ya seva kila mwisho wa muhula.