Kliniki ya mifugo Nyakato: jicho la mbwa si jicho la paka
Nilipowapeleka mbwa na paka wangu, wote wakiwa na macho mekundu yenye tongo, katika kliniki moja ya mifugo Nyakato, Mwanza, nilidhani dawa moja ingewatosha. Daktari alimwekea mbwa karatasi ya kupimia machozi kwa dakika 1, ikalowa milimita 6 tu, ilhali kawaida ni 15 au zaidi. Akanieleza kwa utulivu kwamba ukavu wa jicho huwapata zaidi mbwa, mara nyingi kinga ya mwili inaposhambulia tezi za machozi. Kwa paka alishuku virusi vya hepesi, akakataa kabisa matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu), ambayo huweza kuchochea virusi hivyo. Uangalifu huo ulinigusa sana. Ila mbwa na paka husubiri chumba kimoja, na paka wangu alitetemeka muda wote.