Chujio la Sawyer Squeeze: gramu 85 zinazofanya nusu ya kazi

Mtu akikuonyesha chujio la Sawyer Squeeze ndani ya begi lake la dharura, muulize: na klorini umeiweka mfuko upi? Wengi hushangaa. Wameona maji yakiingia ya kahawia yakitoka maangavu, wakaamini mambo yamekwisha. Hayajaisha. Chujio hili ni zuri, na kwa uzito wake sioni la kulishinda kirahisi, lakini lina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo anaweza kuugua akinywa maji yanayometameta.

Kwa nje ni kopo la plastiki linaloenea kiganjani, lenye uzito wa gramu 85 hivi likiwa kavu. Upande wa maji machafu una hesi zinazokubali chupa nyingi za kawaida za soda na za maji, zile za milimita 28. Upande wa maji safi una mdomo wa kuvuta ili kufungua na kusukuma ili kufunga. Ndani mna kitita cha nyuzi nyembamba zilizopindwa mfano wa herufi U. Kila uzi ni mrija wenye uwazi kati, ufundi uliotokana na mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Maji huzunguka nje ya mirija, hupenya kwenye kuta zake na kutokea ndani; uchafu unabaki nje. Vitundu vya kuta hizo havizidi mikroni 0.1, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita.

Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Giardia, kimelea cha kuhara, akiwa ndani ya gamba lake ana mikroni 8 hadi 12 hivi. Cryptosporidium, kimelea kingine cha kuhara, ana 4 hadi 6. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wana unene wa karibu nusu mikroni na urefu zaidi ya hapo. Wote hao wanakwama. Virusi vya homa ya ini aina ya A vina mikroni 0.03 hivi, na virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, havifiki 0.1. Hivyo vinapita kama dagaa kwenye jarife. Mtengenezaji anadai kuondoa asilimia 99.99999 ya bakteria na 99.9999 ya vimelea kama Giardia. Kwa chujio hili, virusi havimo kwenye dai lake. Wanaovisahau ni wanunuzi.

Kwa hiyo mahali popote penye vyoo, mifugo au watu wengi juu ya mto, na hasa baada ya mafuriko, chuja kwanza kisha tia klorini. Matone 2 kwa lita ya dawa ya maji ya kung'arishia nguo yenye klorini ya asilimia 5 hadi 9, isiyo na manukato wala sabuni, kisha subiri dakika 30. Baada ya hapo unuse: harufu hafifu ya klorini iwepo. Isipokuwepo, rudia kipimo kilekile na usubiri dakika 15 nyingine. Kama una vidonge, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Mpangilio huo una sababu. Tope na mabaki ya majani hula klorini kabla haijawafikia vijidudu, ndiyo maana kuchuja kunatangulia. Na Cryptosporidium ana gamba linaloistahimili klorini hata ukisubiri muda mrefu, ila kwenye chujio hana njia. Kinachoponyoka mlango mmoja kinanaswa mlango wa pili. Mwenye kuni na sufuria anaweza kuacha klorini akachemsha: maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Kuna maji ambayo njia zote hizo haziyafai. Chumvi, floridi, aseniki, dawa za mashambani na mafuta hupita chujioni kwa sababu vimeyeyuka au ni vidogo mno. Vilevile sumu ya mwani: dimbwi likiwa na utando wa kijani kibichi kama rangi iliyomwagika, liache. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na chujio halina la kufanya.

Sasa matumizi. Jaza mfuko au chupa, funga chujio juu, geuza, minya. Likiwa jipya lita moja hutoka kwa dakika moja au mbili. Kabla ya kufunga, tazama ndani ya hesi: pana washa nyeupe ya mpira. Ni kitu kidogo kama senti, na ndicho kinachopotea kuliko vyote. Hutoka na kubaki kwenye shingo ya chupa, ukaitupa pamoja na chupa bila habari. Bila washa hiyo maji machafu huvuja kwenye kiungo. Angalia tone moja: linajitokeza pale chupa na chujio vinapokutana, linateleza polepole ubavuni mwa kopo, linafika chini, linaning'inia ukingoni mwa mdomo, kisha linadondoka ndani ya sufuria yako ya maji safi. Tone hilo limepita nje ya chujio. Ukikaza kupita kiasi washa nayo hujikunja na kuvuja vilevile, kwa hiyo kaza mpaka ikamate, basi. Beba washa mbili za akiba, na uifute shingo ya chupa chafu kabla ya kugeuza.

Mifuko inayokuja na chujio ndiyo sehemu dhaifu ya kifurushi chote. Huchanika kwenye mshono wa shingo, hasa ukiuminya kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Ukiona unalazimika kutumia nguvu hivyo, tatizo si mikono yako, ni chujio lililoziba. Mimi ningeutumia mfuko kuchotea, kisha nichujie kwa chupa ngumu kiasi ya plastiki. Inabidi kulegeza hesi kila mara ili chupa ivute pumzi, lakini haikuangushi. Chupa ya maji machafu izungushie utepe mwekundu shingoni, na isibadilishwe kazi kamwe, hata kama imeoshwa.

Wanaopenda kutundika mfuko mtini na kuacha maji yashuke yenyewe wajue kuwa kila mita moja ya kimo huongeza msukumo mdogo tu, sehemu moja ya kumi ya kanieneo ya hewa. Mpira mrefu unasaidia kuliko mfuko mkubwa. Maji yakigoma kabisa ilhali chujio ni safi, mara nyingi ni hewa iliyonaswa: utando uliolowa haupitishi hewa, hivyo kiputo kinakaa kama kizibo. Legeza chujio nusu mzunguko, liinue juu ya mfuko ili kiputo kirudi mfukoni, kaza tena.

Kuosha chujio ndiko kunakowatenganisha wanaolitumia miaka na wanaolilaani baada ya wiki. Ndani ya boksi pana bomba la sindano. Lijaze maji yaliyokwisha kuchujwa, libane kwenye mdomo wa maji safi, sukuma kwa nguvu. Nasema kwa nguvu kwa sababu maji yakisukumwa taratibu hupita kwenye mirija ambayo tayari iko wazi na kuiacha iliyoziba kama ilivyo. Rudia mpaka yanayotoka upande wa pili yawe hayana rangi; mara ya kwanza baada ya maji ya mtoni yanaweza kutoka kama chai ya maziwa. Gonga kopo kwenye kiganja kati ya bomba moja na jingine ili kulegeza tope. Na kosa baya kuliko yote: kutumia maji ya mtoni kwa kazi hii kwa kuwa ya kuchujwa yameisha. Hapo umewatia vijidudu upande ule ule unaounywea. Ndiyo maana lita ya mwisho ya siku isinywewe yote. Weka akiba ya kuoshea.

Kama maji ya huko ni magumu, yenye chokaa, kuosha peke yake hakutasaidia. Loweka chujio kwenye siki nyeupe nusu saa, kisha osha kinyume kwa bomba la sindano kama kawaida.

Lakini bora kuliko kuosha ni kutoliletea chujio tope. Maji yaliyolala ndooni usiku kucha yameshapoteza mchanga. Kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne kinashika majani na wadudu, na kuukuu ni bora kuliko kipya kwa sababu nyuzi zake zimefumka na kubana matundu. Udongo mwembamba wa mfinyanzi, ule unaoyafanya maji kubaki na rangi hata baada ya siku mbili, hauondoki kwa kitambaa wala kwa subira. Hapo ndipo mlonge unapoingia, na sijui kwa nini hautajwi kila chujio linapotajwa.

Chukua mbegu za mlonge zilizokauka mtini, tunda likiwa limegeuka kahawia na kuanza kupasuka. Toa mabawa na ganda, ubaki na kiini cheupe. Kilichobadilika rangi tupa. Twanga kiwe unga laini. Kiasi hutegemea maji: yaliyofifia kidogo, mbegu 1 kwa lita 4, ya rangi ya chai, 1 kwa lita 2, mazito yasiyoonyesha chini ya kikombe, 1 kwa kila lita, na tope hasa, 2 kwa lita. Unga uchanganye na maji kidogo safi kwenye chupa, tikisa dakika 5, chuja kwa kitambaa, mimina ule weupe ndooni. Koroga haraka kama dakika 1, kisha polepole, kama anayebembeleza uji usiungue, dakika 5 hadi 10.

Utaona vibonge vidogo mfano wa machicha vikijitokeza, vinashikana, vinaanza kuzama, na juu panabaki mstari wa maji safi unaopanuka kuelekea chini. Acha saa 1 hadi 2 bila kuitikisa ndoo. Kinachotokea ni kwamba protini ya mbegu ina chaji chanya na chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, basi zinavutana na kuwa nzito. Ukizidisha mbegu chaji hugeuka, chembe zinaanza kusukumana tena, na maji yanarudi kuwa na ukungu. Kwa hiyo kuongeza mkono hapa si ukarimu. Mimina maji ya juu taratibu kupitia kitambaa, acha robo ya chini, ndipo uchuje. Yatumie ndani ya saa 24, kwa kuwa mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria. Mlonge wenyewe hupunguza bakteria wengi lakini hausafishi maji ya kunywa. Anayekunywesha maji ya mlonge peke yake akisema ni dawa, mshukuru usiyanywe. Shabu nayo huangusha tope vivyo hivyo kwa wasio na mti karibu.

Baridi ni adui asiye na dalili. Chujio likishalowa mara moja halikauki upesi ndani, na yale maji yakiganda yanapanuka na kupasua mirija. Kwa nje halibadiliki hata kidogo, tena maji hutoka kwa kasi nzuri zaidi, jambo linalomfurahisha mwenye nalo. Milimani usiku lilaze ndani ya blanketi pamoja nawe, mchana liwe mfukoni. Mtengenezaji mwenyewe anasema lililoganda litupwe.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili: lowesha chujio vizuri kwa kupitisha maji, kisha jaza bomba la sindano hewa na kuisukuma taratibu upande wa maji safi. Mirija mizima iliyolowa huikataa hewa. Utahisi bomba likigoma. Hewa ikipita kirahisi na kutoa viputo upande wa pili, kuna mirija iliyokatika. Jaribio hili linakamata uharibifu mkubwa, si mrija mmoja, kwa hiyo kufaulu kwake si cheti.

Ndugu yake mdogo, Sawyer Mini, ana gramu 57 hivi na vitundu vilevile vya mikroni 0.1. Kinachopungua ni wingi wa mirija: hutoa maji kwa uchovu na huziba upesi. Kwa mtu mmoja anayetaka kitu cha kusahau chini ya begi, sawa. Kwa familia, gramu 28 ulizookoa utazilipa kwa vidole.

Kabla ya kuhifadhi kwa miezi, osha kinyume, pitisha maji yenye klorini kidogo, kung'uta, acha likauke siku kadhaa mdomo ukiwa wazi. Likitolewa kabatini huwa limekauka mirija ikashikana, na maji hutoka kwa matone. Usilitupe. Loweka nusu saa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, yasifike nyuzi 60, kisha sukuma bomba la sindano mara tatu nne. Ndiyo maana bomba hilo, ambalo wengi huliacha nyumbani kupunguza mzigo, linatakiwa lifungwe pamoja na chujio kwa mpira mmoja.