Bima ya Nyumba na Maji Yanayovuja Kwenye Vifaa: Ipi Itangulie

Mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka ghafla na maji yakatapakaa nyumba nzima, bima nyingi za nyumba hulipa. Mpira huohuo ukidondosha tone mojamoja nyuma ya mashine kwa miezi kadhaa hadi sakafu ikaoza, bima nyingi hazilipi, kwa sababu mikataba hufidia tukio la ghafla lisilotarajiwa na kuuhesabu uvujaji wa polepole kuwa uchakavu ambao mwenye nyumba alipaswa kuushughulikia. Ndiyo maana anayelinganisha bima za namna hii hana budi kuanzia kwenye ukurasa wa mambo yasiyofidiwa, kisha ndipo aangalie ada. Mpangilio ufuatao nimeutoa kwa kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa bima ya jengo pamoja na vitu vya ndani iliyoongezewa kinga ya uvujaji uliofichika. Hasara kubwa ya vifaa vya maji hutokea mahali pasipoonekana. Chukua jokofu linalotengeneza barafu: nyuma yake hupita kijibomba chembamba ambacho hubanwa ukutani jokofu linaposukumwa, kikapata ufa mdogo, na maji yakatambaa chini ya vigae hata dalili ya kwanza ikawa rangi iliyovimba kwenye ukuta wa chumba cha pili. Bila nyongeza hii, mkaguzi wa hasara akiona mbao zimeoza atasema maji yamekuwapo muda mrefu, na dai litaishia hapo. Baadhi ya mikataba hata huweka mpaka wa siku 14, na uvujaji uliozidi hapo haufidiwi. Unapoinunua, uliza mambo mawili. La kwanza ni kiwango chake cha juu cha fidia, ambacho mara nyingi huwa kidogo kuliko kile cha bima yenyewe. La pili ni kama inalipia gharama ya kubomoa ukuta au kung’oa vigae ili kuifikia sehemu inayovuja, maana kazi hiyo inaweza kugharimu zaidi ya kuziba tundu lenyewe.

Ya pili ni bima inayofidia hatari zote isipokuwa zilizotajwa, bila nyongeza hiyo, ilmradi inalipa gharama ya kununua kitu kipya badala ya kilichoharibika. Katika mkataba wa aina hii, kampuni ikikataa kulipa, kwa kawaida ni juu yake kuonyesha kifungu kinachoiruhusu kukataa. Inamfaa mwenye vifaa vipya vilivyowekwa mahali panapoonekana, na ambaye hutupa jicho nyuma yake mara kwa mara.

Kinga ya kuharibika kwa mitambo, au mkataba wa matengenezo ya vifaa, naiweka ya tatu, japo wauzaji huisifia kana kwamba inatosha peke yake. Hiyo hutengeneza mashine. Sakafu iliyolowa kwa kawaida haiihusu. Bima ya nyumba nayo hufanya kinyume chake: hulipa sakafu, lakini hita ya maji iliyotoboka kwa kutu unainunua mwenyewe. Hita za tangi kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12, kwa hiyo ni afadhali kuiwekea akiba hita iliyozeeka kuliko kuilipia ada kila mwezi.

Ya mwisho ni bima ya hatari zilizoorodheshwa inayolipa thamani baada ya kupunguza uchakavu. Ada yake huvutia, ila zulia la miaka kumi litafidiwa kwa bei ya zulia kuukuu, na ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kuwa kilichotokea kimo kwenye orodha.

Mpangaji simpangi humu, kwa kuwa jengo si lake. Anachohitaji ni bima ya vitu vyake pamoja na ya dhima, yaani ya hasara atakayowasababishia wengine, hasa akikaa juu ya jirani ambaye dari yake inaweza kulowa.

Hakikisha pia unajua ni maji gani unayoyazungumzia. Mashine ikimwaga maji kwa sababu mfereji wa maji taka umeziba na maji yanarudi ndani, mikataba mingi hulihesabu tukio hilo kuwa jambo jingine lenye nyongeza yake ya pekee, na mafuriko kutoka nje huhitaji kinga tofauti kabisa.

Kabla ya kutia saini, angalia kama kiasi unachojilipia mwenyewe katika kila dai huwa kikubwa zaidi kwa madai ya maji, jambo ambalo wakala huenda asilitaje usipouliza. Tazama vilevile ukomo wa fidia ya ukungu, ambao unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kulowa. Kwa hiyo siku ya tukio funga koki, piga picha, anza kukausha, na usiutupe mpira uliopasuka, kwa kuwa mkaguzi atataka kuuona. Tunza risiti za mafundi na za mipira mipya. Wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi. Na kama huwa unasafiri kwa muda mrefu, soma kifungu cha nyumba isiyo na mtu: mikataba kadhaa husitisha kinga ya maji baada ya siku 30 au 60, isipokuwa umeiarifu kampuni mapema au umefunga maji kwenye koki kuu.