dwm: Madirisha Yote Ndani ya Mistari 2,000, na Yale Yaliyobaki Nje

Haya watazamaji, karibuni. Leo sina simu mpya wala laptopu mpya mezani. Nina programu ndogo kiasi kwamba mtu anayejua C, lugha ya kuandikia programu, akipata jioni moja tulivu anaweza kuisoma yote, akaenda kulala akiwa ameielewa. Inaitwa dwm. Kazi yake ni kupanga madirisha kwenye mifumo ya kompyuta ya Linux na BSD. Ilianza mwaka 2006, na kundi linaloitunza, suckless, lilijiwekea mpaka: kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, isizidi mistari 2,000. Mtu akileta wazo zuri na mistari ikapita hapo, wazo linabaki nje.

Tazama skrini yangu. Hakuna aikoni, hakuna menyu, hakuna picha ya nyuma. Juu kuna ukanda mwembamba: nambari 1 hadi 9 kushoto, jina la dirisha katikati, na kulia jina la programu na toleo lake. Basi. Nikibonyeza Alt, Shift na Enter, terminali, dirisha la kuandikia amri, inafunguka na kujaza skrini nzima. Nafungua ya pili: hiyo mpya inachukua kushoto, asilimia 55 ya upana, na ile ya kwanza inasogezwa kulia. Ya tatu ikija, upande wa kulia unagawanywa juu na chini. Sijagusa kipanya hata mara moja.

Hizo nambari tisa nazo usizichukulie kama kurasa tisa za kawaida. Ni alama unazolibandika dirisha. Dirisha moja linaweza kubeba alama ya 2 na ya 5 kwa wakati mmoja, na mimi naweza kuamuru nionyeshwe yote ya 2 na yote ya 5 kwa pamoja. Ukishalizoea hili, mifumo mikubwa yenye kila pambo inaanza kukuchosha. Wazo hili peke yake lingenitosha kuisifu dwm.

Sasa mipangilio. Haipo! Ukitaka kubadilisha rangi, fonti au kitufe, unafungua faili inayoitwa config.h, unahariri C yenyewe, unakompaili upya, yaani unaigeuza kodi kuwa programu inayoendeshwa, unatoka, unaingia tena. Kukompaili hakuchukui muda, unapepesa macho imekwisha. Tovuti yao imewahi kutamka bila haya kwamba utaratibu huu unasaidia watumiaji wabaki wachache na wateule. Wengine wanaudhika wakisikia hivyo. Mimi naona afadhali wao waliosema, kuliko makampuni yanayoficha kitufe halafu yanakuambia ni kwa faida yako.

Lakini tuulizane: hiyo mistari 2,000 inahesabiwa wapi?

Kwa sababu dwm haina trei ya zile aikoni ndogo za mtandao na sauti. Haiachi nafasi kati ya madirisha. Ukitaka, unaenda kuchukua kiraka, yaani faili inayoingiza mistari mipya ndani ya kodi yako. Kiraka cha kwanza kinaingia vizuri. Cha pili kinagusa funksheni ileile iliyoguswa na cha kwanza, vinagongana, unaachiwa faili yenye mwisho wa .rej, na kazi ya kusuluhisha ugomvi huo ni yako, kwa mkono, ndani ya C. Toleo jipya likitoka unaanza upya. Mistari hiyo yote iko kwenye kompyuta yako na inafanya kazi kila siku, ila kwenye hesabu ya mradi haimo. Mzigo haukutuliwa, umehamishiwa bega jingine, nalo ni lako wewe.

Ndugu yake, terminali ya st ya suckless haohao, ndiyo inayonionyesha hili vizuri zaidi. Fungua st, toa amri inayotapika matokeo marefu, kisha jaribu kurudi juu ukaone mwanzo. Hurudi. Haihifadhi yaliyopita. Maelezo yao yanakwambia hiyo si kazi ya terminali, tumia tmux, programu inayoendeshwa ndani ya terminali na kukuhifadhia yaliyopita, au tumia programu yao nyingine iitwayo scroll.

Hoja hii ina ukoo wa heshima. Mwaka 1978 Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs, akieleza desturi za waundaji wa mfumo wa kompyuta wa Unix, aliandika kwamba kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri. Na kwa hawa hawa suckless kuna programu inayotimiza maneno hayo mpaka unafurahi: dmenu. Unaimiminia mistari ya maandishi, inakuonyesha, unachagua mmoja, inautoa upande wa pili. Haijui kama umeipa majina ya programu, mafaili, mitandao ya Wi-Fi au orodha ya nywila. Na kwa kuwa haijui, inafaa kwa zote. Hapo upungufu umezaa uwezo, nami sina neno.

Kwenye st, hapana. Ili niweze kurudi nyuma kurasa mbili tu, naambiwa niendeshe tmux, programu iliyo kubwa mara nyingi kuliko st yenyewe. Udogo wa namna hii ni ushindi wa kwenye daftari la hesabu.

Na kuna kisa cha emoji. Kwa miaka kadhaa, ukurasa wa wavuti ukiwa na emoji ya rangi kwenye jina lake, dwm ikijaribu kulichora jina hilo juu kwenye ukanda, ilianguka. Ikianguka yenyewe, madirisha yote yanakwenda nayo. Hitilafu haikuwa yao. Ilikuwa ndani ya libXft, maktaba ya kuchora herufi, na marekebisho yalifika kwenye toleo la 2.3.5 mwaka 2022. Kabla ya hapo dwm iliweka kinga: fonti za rangi zikataliwe kabisa. Mistari michache, tatizo limekwisha, na emoji zako umezikosa. Ndivyo wanavyofikiri.

Emoji mtu anaweza kuziita mchezo. Haya, chukua Kiarabu. Herufi zake zinapaswa kuungana na kusomeka kutoka kulia. Kwenye st na kwenye ukanda wa dwm zinatoka zimeachana, kila moja kivyake, na mwelekeo umegeuka. Chukua na mtu asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti kama Orca. Ukanda wa dwm umechorwa tu kama picha, hautoi taarifa yoyote ambayo Orca inaweza kuidaka. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Wanaposema tumebakiza yaliyo ya lazima tu, mimi nauliza ya lazima kwa nani. Waliopanga wanaona vizuri, wanaandika kwa herufi za Kilatini, na C wanaijua.

Halafu dwm yenyewe imesimama juu ya nini? Juu ya X.Org, au X kwa kifupi, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, wenye mamia ya maelfu ya mistari. Ni nyumba safi isiyo na stoo kwa sababu vyombo vyote viko kwa jirani. Ushahidi umekuja na Wayland, mfumo mpya unaoshika nafasi ya X, ambako programu ya kupanga madirisha inalazimika kubeba kazi zile zilizokuwa za X. Kuna mradi uitwao dwl unaofuata nyayo za dwm huko, nao ni mdogo vilevile, lakini umeegemea maktaba ya wlroots, ambayo wenyewe huitambulisha kwa utani kuwa ni mistari 60,000 hivi ambayo ungelazimika kuiandika hata hivyo. Utani huo una ukweli mwingi kuliko ilani nyingi za usahili.

Nisieleweke kwamba kupunguza ni ulaghai siku zote. Wale wa OpenBSD, mmoja wa mifumo ya BSD, mwaka 2015 waliiacha sudo, programu ya kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na kuleta doas, inayofanya sehemu ndogo tu ya yale ya sudo. Januari 2021 sudo ikafichuliwa kuwa na tundu la usalama lililokaa ndani tangu 2011, miaka karibu kumi. Uwezo mwingi wa sudo ni wa mashirika yenye seva nyingi. Kwenye laptopu ya mtu mmoja, kuutoa hakumwachii mtu yeyote kazi ya ziada. Huko mzigo umetuliwa kweli.

Kwa hiyo dwm, ndiyo au hapana? Kama unajua C kidogo, unaishi ndani ya terminali na kivinjari, na kibodi ni mikono yako, ichukue, ni ya bure na leseni yake ni ya MIT. Kama kompyuta ni ya familia, usiwafanyie hivyo. dmenu mchukueni wote, hata mkiwa kwenye mfumo mwingine wa madirisha. Mimi nimebaki na dwm yenye viraka viwili tu, na st nimeiacha.

Ukiijaribu, iendeshe kwanza ndani ya Xephyr, dirisha linalojifanya skrini nzima, ili ukikwama usipoteze kitu. Na kabla ya kukompaili tafuta kwenye config.h mstari wenye Alt, Shift na Q. Unazima dwm nzima bila kukuuliza, ilhali wa kufunga dirisha moja ni Alt, Shift na C. Uhamishie kitufe cha mbali.