TAHADHARI: "Dada wa meli" katuacha bandarini Galveston na masanduku saba

Walioniona Jumapili ile kwenye status, miwani ya jua usoni, sanduku jekundu mkononi, mkaniandikia "kula maisha mamii": picha ile ilipigwa saa nne na nusu asubuhi. Saa tano na robo nilikuwa kwenye benchi nalia mbele ya wanangu. Mlionipigia wiki ile mkanikosa mkadhani niko katikati ya bahari sina mtandao, sikuwa baharini. Nilikuwa hapahapa Houston, chumbani kwangu, mapazia nimeshusha, sitaki jirani ajue tumerudi.

Nimelizwa. Dola 6,860 za safari ya familia yangu ya matembezi ya meli. Jina la aliyeniliza silitaji, nimeshauriwa hivyo kwa kuwa mambo yako polisi, na mnaomjua mshamjua. Yule "dada wa meli", anayejiita wakala wa safari, anayefika kwenye kila shughuli yetu na vipeperushi kwenye mkoba. Huyohuyo.

Nianze na asubuhi yenyewe maana ndiyo inanirudia kila nikifumba macho. Tulitoka nyumbani saa mbili. Mama alikuwa ameamka toka saa kumi, kakaanga visheti ndoo nzima, nikamwambia mama kule chakula kipo usiku na mchana, akasema cha watu ni cha watu. Tumevaa fulana za njano sote watano, nimezichapisha mwenyewe. Tulipovuka lile daraja la kuingia kisiwani Galveston, meli ikaonekana juu ya mapaa ya maghala. Mama akauliza, "Lile ghorofa wamelijenga majini?" Nikamwambia ndiyo meli yenyewe. Akanyamaza. Nikamsikia nyuma anavuta tasbihi.

Pale barabarani mbele ya bandari kuna wachukuzi wanapokea mizigo kabla hujaingia ndani. Mchukuzi akashika lebo ya sanduku la kwanza, ile tuliyotumiwa tuichape na kuibana kwa pini za stepla, akaigeuza huku na huku. Akaangalia ya pili. Akasema kwa upole, "Nendeni ndani kwanza na mizigo yenu." Mimi nikaona labda ndio utaratibu. Hata bakshishi nikampa!

Ndani foleni inakwenda haraka. Kijana mwenye kishikwambi akaielekeza kamera kwenye tiketi yangu, kikalia mlio wa kukataa. Akajaribu ya mume wangu, mlio uleule. Ya mama, vilevile. Akauliza jina la ukoo, akaandika, akafuta, akaandika tena. Nyuma yetu familia za watu zinatuchungulia, na sisi tumewaka njano kama kundi la kwaya. Akaniuliza kama nina namba nyingine yoyote. Nikatafuta kwenye simu ile namba ya nafasi aliyonipa dada mwezi wa saba. Hiyo ikafunguka. Akaisoma muda mrefu mno, kisha akamwita mama mmoja wa makamo mwenye redio kiunoni.

Yule mama akanisogeza pembeni. Hakunisema vibaya hata kidogo, na ule upole ndio ulionimaliza. Akasema vyumba hivyo viwili vilishikwa kweli kwa majina yetu, advansi ya dola 500 ikalipwa, salio halikulipwa mpaka tarehe ya mwisho, mwishoni mwa Agosti, ikafutwa yenyewe. Vyumba vina watu wengine. Meli imejaa, ni wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani. Na mimi, ndugu zangu, kwa ujinga niliokuwa nao saa ile, nikamuuliza habari za matembezi yetu ya kule Mexico: "Na Tulum je? Tulishalipia Tulum."

Nikapiga simu ya dada. Inaita, inakata. WhatsApp tiki moja. Jana yake usiku huyohuyo alinitumia sauti, ninayo mpaka leo: "Mkishapanda nipigieni video nimwone bibi akicheka." Nimeisikiliza mara labda arobaini, natafuta mahali sauti inapotetereka. Haitetereki popote.

Hatukuondoka mara moja, sijui kwa nini. Tulirudi kwenye gari, maegesho tumeyalipia wiki nzima, tukafungua buti, mama akatoa visheti, tukala tumesimama. Upepo wa Novemba kule pwani unaingia mpaka kwenye mifupa. Saa kumi meli ikapiga honi ikaanza kujivuta. Mwanangu wa mwisho kawapungia mkono watu asiowajua walioko ghorofani, nao wakampungia. Mama akaniuliza taratibu, "Na yule binti yuko salama? Asije akawa kapata ajali hapokei simu." Mama yangu anamwombea dua aliyemwibia. Hapo ndipo nilipoingia chini ya usukani nikalia kilio ambacho sijakilia tangu yale ya baba mnayoyajua.

Sasa najua mtasema, na wengine mmeshasema: mtu mzima mzima, miaka kumi na nne Marekani, unapigwaje kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa toka benki hadi benki? Nisikilizeni kwanza.

Huyu dada hakuniokota barabarani. Msiba ule wa mwezi wa tatu, alisimama jikoni na pilau sufuria tatu, akalala pale siku mbili. Mwaka juzi alinikatia tiketi za watoto kwenda Dar kupitia Doha, zikatoka safi, hata viti akatuwekea pamoja. Anaongea Kitanga kilekile cha kwetu, akimpigia mama simu ni "shikamoo bibi, umeamkaje, mguu unaendeleaje," anajua mpaka mguu gani.

Na mama alikuwa hataki meli. Tangu Spice Islander izame mwaka 2011 pale katikati ya Unguja na Pemba, na mnajua tulimpoteza nani mle, mama hajakanyaga chombo cha majini, hata pantoni la Kigamboni anasema atazunguka. Dada alichukua jioni tatu za simu kumtuliza. Akamweleza kuwa meli hizi abiria huhesabiwa mmoja mmoja kwa majina, hapakiwi mtu wa kuzidi, boti za kuokolea zinaning'inia pembeni, na kabla ya safari kila abiria anafundishwa wapi pa kukusanyika. Na hayo yote ni kweli! Ndicho kinachoniuma. Alimtoa mama yangu hofu ya miaka mingi kwa maneno ya kweli, ili aibe.

Halafu mimi nilihakiki. Katikati ya mwezi wa saba alinipa namba, nikaiingiza mwenyewe kwenye programu ya kampuni ya meli, ikaja: jina la meli, vyumba viwili vyenye baraza, majina yetu, na "zimebaki siku 131". Ungekuwa wewe ungesemaje? Sikujua, na nadhani wengi hamjui, kwamba namba kuwepo maana yake ni kwamba nafasi imeshikwa tu. Advansi ndogo inatosha kupata namba halisi. Salio lina tarehe yake, miezi miwili mitatu kabla ya safari, likipita halijalipwa mfumo unafuta, na barua pepe ya kukufahamisha inakwenda kwa wakala, si kwako. Mimi nilimpa 1,000, yeye akapeleka 500. Kisha nikampa 2,000 mwezi wa nane, 2,400 mwezi wa tisa, na 1,460 mwezi wa kumi za matembezi ya nchi kavu, chakula na bakshishi za wahudumu.

Pesa ya boksi hiyo. Zamu za usiku kwa wazee, kuinua watu wazito kuliko mimi, mgongo unajua. Mume wangu alikataa ovataimu moja tu mwaka mzima, ya Idi.

Kwa hiyo nikisikia mtu ananiambia "msamehe, naye ana watoto", naomba huyo asinitafute kabisa. Nataka afungwe. Nataka avae lile ovaroli la rangi ya chungwa, apangiwe chakula saa kumi jioni. Na viongozi wa jumuiya, mnaojua kuwa walioibiwa si mimi peke yangu na mmenyamaza kulinda jina la jumuiya, siku ya uchaguzi tutaonana. Tulihesabu juzi: familia nne, mbili Dallas, moja Austin, na sisi. Mtu kama huyu anapewaje kipaza sauti kwenye sherehe ya Uhuru?

Dalili zilikuwepo, naziona sasa. Mwezi wa tisa aliniambia nisifungue tena ile programu, ati tunahamishiwa vyumba vya juu na namba itabadilika, nikiingiaingia nitavuruga. Nikatii. Hapo nafasi ilishakufa wiki mbili nyuma. Siku zilizofuata akatuma tiketi ya PDF, nzuri kweli, na hakuniambia niende kujaza taarifa za safari mtandaoni, wakati watu wote waliokuwa kwenye ile foleni walishajaza, na picha zao zimo.

Pasipoti ya mama hakuiomba hata siku moja. Mama ni mgeni mwenye visa, tunakwenda Honduras na Mexico na kurudi, wakala wa kweli hilo lingekuwa swali la kwanza.

Chakula: alitutoza dola 240 za "chakula cha jioni ukumbi mkubwa". Nimekuja kuambiwa ukumbi mkubwa na bufee vimo ndani ya nauli, unacholipia ni ile migahawa maalumu ya nyama choma na sushi, na vinywaji. Kaniuzia kitu cha bure, na bado hakukinunua.

Na Tulum. Alisema meli ikifika Mexico, ukishuka Cozumel ni taksi dakika kumi na tano. Cozumel ni kisiwa jamani! Tulum iko bara. Unapanda boti kwenda Playa del Carmen, kisha basi kama saa nzima. Ramani ningeifungua mara moja tu ningejua huyu hajui anachokiuza, au hajali.

Bei nayo. Shoga yangu alisema mapema kuwa wiki hiyo vyumba vyenye baraza haviwezi kuwa rahisi hivyo, nikamwona ana wivu. Nisamehe mama Nasra.

Alijigamba pia kuwa amesajiliwa Florida. Florida kweli wauzaji wa safari wanatakiwa kujisajili, na daftari lao liko Idara ya Kilimo ya jimbo hilo, ndiyo, Kilimo, msinicheke. Unatafuta jina mtandaoni bure. Nimetafuta lake kwa tahajia zote nilizoweza kubuni. Halimo.

Benki yangu wamesema Zelle niliituma kwa mkono wangu mwenyewe kwa mtu niliyemkusudia, kwao ni sawa na kutoa fedha taslimu. Yule ndugu wa Austin alilipa kwa kadi ya mkopo, yeye kafungua malalamiko na benki yake inayashughulikia. Mimi nimepeleka taarifa polisi, FTC, ile tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, na ile tovuti ya FBI ya uhalifu wa mtandaoni, IC3. Aliye na risiti, sauti au ujumbe wake aniandikie, tunaziweka pamoja kwa mwanasheria mmoja.

Na walio kwenye kundi lake la safari ya Krismasi, nasikia mko kumi na wangapi sijui: msimuulize yeye. Atawajibu vizuri sana. Chukueni namba zenu za nafasi, pigeni wenyewe simu ya kampuni ya meli, ile iliyo kwenye tovuti yao na si ile aliyowapa, ulizeni jambo moja tu: salio limelipwa? Leo, msingoje Jumatatu.