Nyota tano nimezirudisha

Wiki tatu zilizopita niliipa nyota tano huduma ya daktari kwa simu iliyokuja pamoja na bima ya safari ya mama. Leo nimezifuta na kuweka moja.

Mama ana miaka 71. Alitoka Tanga kuja kunitembelea hapa Luton, na siku ya sita tangu ashuke kwenye ndege akashikwa na kichomi ubavuni, kila akivuta pumzi. Nikapiga namba ya bima. Daktari alipokea upesi, Kiswahili chake safi, mpole, anamwita "bibi". Hakuuliza umri. Hakuuliza maumivu yalianza lini wala kama anahema kwa shida. Alisema ni gesi, atafune dawa ya kiungulia, alale kwa mito miwili. Dakika tatu tukawa tumemaliza. Ujumbe wa kuomba nyota ukaingia, nami nikabonyeza tano kwa furaha ya kuona mama amesikilizwa kwa lugha yake.

Usiku nikamwona amesimama katikati ya ngazi, anapumzika. Nikapiga 111.

Kwa wageni wa hapa Uingereza: 111 ni namba ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ni bure, usiku na mchana. Anayepokea kwa kawaida si daktari wala nesi, ni mtu aliyefunzwa kufuata maswali yanayomtokea kwenye kompyuta. Wengi wetu hatuyapendi maswali hayo. Mtu unaumwa tumbo, unaulizwa kama unatokwa damu! Lakini yamepangwa makusudi: kwanza yanatafuta linaloua, likishaondolewa ndipo yanashuka taratibu hadi la kwenda famasi au kujitibu nyumbani.

Niliomba mkalimani wa Kiswahili. Akaunganishwa, akamwamkia mama shikamoo, wakaanza. Mama aliposema "nina kichomi", yule dada hakukimbilia kutafsiri. Kichomi kwetu ni maumivu ya ubavu, na wapo wanaoita hivyo nimonia. Akamrudia: "Mama, kinachoma wapi hasa? Ukitulia nacho kinakuwepo, au mpaka uvute pumzi?" Jibu hilo ndilo alilolipeleka. Na walipouliza kuhusu rangi ya ngozi, walitaka tuangalie midomo, ulimi na viganja, maana kwenye ngozi yetu nyeusi usoni unaweza usione kitu.

Kisha tukapewa nesi. Swali lake la pili lilikuwa: amesafiri karibuni? La tatu: miguu yake ikoje? Hapo mama akasema kwa sauti ya chini kwamba kigimbi cha kushoto kimevimba tangu juzi, ila hakutaka kunisumbua na kazi zangu.

Ambulensi ilikuja. Hospitali walikuta damu iliyoganda, ambayo huweza kuanzia mguuni baada ya kukaa safari ndefu, imeziba mshipa kwenye pafu. Sasa anatumia dawa za kuzuia damu isigande, na jana alishuka ngazi mwenyewe kupika maharage.

Najua wako watakaoniambia ningepiga 999, namba ya dharura, moja kwa moja. Ni kweli. Maumivu ya kifua ya ghafla au kuhema kwa shida ni 999, usipitie kwingine. Mimi nilichelewa kwa sababu mtu aliyejiita daktari alikuwa ameshanituliza. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba alikosea kidogo tu. Maswali mawili, umri na safari, yasingemchukua nusu dakika, na safari aliijua: bima yenyewe ni ya safari.

Ukipiga 111 kwa ajili ya mzazi, omba mkalimani mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kueleza, na simu iwe kwenye spika ili mgonjwa ajibu mwenyewe. Mimi nisingekijua kile kigimbi.

Mgeni halipi kwa kuhudumiwa kitengo cha dharura, ila akilazwa wadini anatozwa. Mama alilazwa usiku mmoja. Bili nimeipeleka kwa bima ileile, nimeambatanisha na barua kuhusu daktari wao. Bili wameijibu. Barua bado.