Seti ya cheni pacha ya Navara D40: tensiona peke yake haitoshi

Mwenye Nissan Navara D40 au Pathfinder R51 ya dizeli, injini YD25, anaujua ule mlio. Ukiwasha asubuhi, mbele ya injini kunachakarika kama mnyororo kwenye ndoo ya bati, halafu kimya. Kwenye maduka ya spea hapa Mwanza utaoneshwa dawa mbili. Moja ni tensiona (kikaza cheni) ya juu peke yake, kwenye kiboksi kidogo. Nyingine ni seti ya kubadili cheni ya juu kutoka mstari mmoja kwenda mistari miwili: ndani kuna cheni, spoketi (gia za cheni) za kemshafti zote mbili, shafti zinazofungua vali, spoketi ya pampu ya dizeli, tensiona na reli zake. Bei ya seti ni mara kadhaa ya tensiona, na muuzaji mwenye huruma atakushauri uanze na tensiona. Kwa gari lililotembea sana, usimsikilize.

Injini hii ina cheni mbili za taimingi. Ya chini inatoka krenki kwenda pampu, ya juu inatoka pampu kwenda kemshafti. Kwenye D40 za mwanzo, kuanzia 2005, ile ya juu iliwekwa ya mstari mmoja, na ndiyo inayolegea. Tensiona ni silinda ndogo yenye springi na pistoni inayosukumwa na oili. Cheni ikirefuka, pistoni inatoka zaidi kuifuata, mpaka inafika mwisho. Ukiweka mpya kwenye cheni ileile ndefu, nayo itatoka hadi palepale. Cheni ikiruka meno, pistoni za injini zinagonga vali, na hapo huongelei spea tena bali injini nzima.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza. Mlio wa sekunde mbili tatu unaokoma taa ya oili ikizima mara nyingi ni tensiona iliyokauka usiku. Mlio unaoendelea injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta, au unaorudi ukiachia mafuta, ni cheni. Weka bisibisi ndefu kwenye kava la mbele, sikio kwenye mpini. Ukisikia zaidi nyuma, karibu na nozeli, usifungue mbele bure. Mwanza haina baridi ya kusingizia. Tatizo letu ni oili nzito ya kupima kwenye madumu, inayochelewa kufika juu.

Sasa seti yenyewe. Ubora wake hauko kwenye cheni inayong'aa, uko kwenye tensiona. Ifungue dukani, shika pistoni, chomoa pini na uibonyeze kwa dole gumba. Inatakiwa iingie taratibu na irudi laini, bila kukwama hata sehemu moja. Tazama tundu la oili kwa tochi. Za ovyo zina chuma kilichobaki baada ya kutoboa. Reli ziwe hazina ufa kwenye plastiki. Boksi lisilo na spoketi ya pampu liache, maana cheni ya mistari miwili haikai kwenye spoketi ya mstari mmoja. Agiza kwa namba ya chesisi, na kila kitu kiwe mezani kabla hujafungua injini: kama gasketi inabidi itoke Dar kwa basi, gari litalala wazi na vumbi linaingia.

Kazi inafanyika nyumbani ukiwa na torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kitabu cha vipimo. Chomoa betri, upande wa hasi. Toa feni na vinavyoziba mbele, kisha tapeti kava (kifuniko cha vali) na kava la juu la cheni. Mipira na mabomba ya dizeli utakayofungua ziba midomo yake papo hapo, nozeli za presha kubwa hazisamehi mchanga. Zungusha krenki kwa spana, uelekeo wa injini tu, mpaka pistoni namba moja iwe juu kwenye kompresheni. Usirudishe nyuma, upande uliolegea ukijikunja cheni inaweza kuruka. Bonyeza pistoni ya tensiona, ifunge kwa pini, ndipo ulegeze bolti zake. Bolti za spoketi zilegeze huku kemshafti imeshikwa kwa spana. Ukiitegemea cheni ikushikie, unaiumiza.

Cheni mpya ina viungo vyenye rangi, vilinganishe na alama za spoketi. Pini ya tensiona mpya itoke mwisho kabisa, bolti zote zikiwa zimekazwa. Halafu zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono. Viungo vya rangi havitarudi kwenye alama, na wengi hapa huogopa wakafungua upya. Angalia alama za spoketi zenyewe. Ukihisi kizuizi kigumu, simama.

Silikoni ya kuzibia kava ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Uzi mwembamba wa milimita mbili hadi tatu unatosha. Ile inayovimba kwa ndani hukatika, ikashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kunyonyea oili, na tensiona mpya ikakosa presha. Bolti ndogo zinazoingia kwenye aluminiamu usizikaze kwa hisia, nyuzi za tundu hung'oka kirahisi.

Kabla ya kuwasha, chomoa soketi za nozeli, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha soketi. Dizeli ikichelewa kuvuta, toa hewa kwa pampu ya mkono kwenye chujio. Mlio mfupi wa mara ya kwanza ni wa kawaida, ukizidi zima. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili, ufungue na chujio ukague vipande. Daraja la kutoka Kigongo kwenda Busisi likusubiri mpaka hapo: safari ndefu yenye mzigo isiwe ya kwanza.